Kwa Zuhura, kuhusu kaka yako

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi, na poleni sana nyumbani. Ujumbe wako wa juzi, ulipouliza Kaka Idi ana nini hasa na kama nawe upime kama shemeji anavyosema, haukujibika kwa maneno mawili ya simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, hilo la watu kusema Kaka Idi ni mlevi, naomba likome. Kule kuyumba na mikono kurukaruka ni ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na hakuna alichokula wala alichotenda kikauleta. Sote tuna jeni, yaani maelekezo tunayorithi kwa wazazi, ya kutengeneza protini iitwayo huntingtini, kwenye kromosomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za DNA, CAG, hujirudia. Zikifika marudio 40 au zaidi, protini inatoka na kipande kirefu kupita kiasi, haikunjiki sawasawa. Kwa kawaida seli hufagia protini mbovu kila wakati, lakini hizi hunatana zikawa mabonge, hadi mfagiaji mwenyewe anaelemewa. Tena seli za neva hazigawanyiki kama za ngozi, kwa hiyo uchafu unabaki humo humo, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana Idi alikuwa mzima kabisa ujana wake wote. Nikimkumbuka marehemu baba yenu miaka yake ya mwisho, sasa naelewa.

Sasa wewe. Mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo iliyorefuka ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kuugua kwa Idi hakukuongezei wala hakukupunguzii. Kipimo cha damu kipo, jeni yenyewe iligunduliwa 1993, ila dawa zilizopo hutuliza dalili tu. Ile tominersen, dawa ya majaribio ya kupunguza huntingtini, jaribio lake kubwa lilisimamishwa 2021. Niliumia sana siku ile.

Kwa hiyo usipime eti kwa kuwa shemeji kasema. Shemeji si yeye atakayeishi na majibu! Anza na mshauri wa magonjwa ya kurithi, na ujue unaweza kukataa majibu hata yakiwa tayari. Idi naye asisemewe mbele yake kana kwamba hasikii. Huyo ni mgonjwa, si mlevi.

Unalala lakini? Mama ameambiwa? Watoto wa Idi wanajua nini? Anameza vizuri au anapaliwa? Kama anapaliwa, daktari ajue mapema, ni hatari. Na ukienda kwa mshauri, nikusindikize? Nitajie siku tu, niombe ruhusa kazini.

Wako,
Rehema