Sarafu, sanda na thamani ya binadamu

Mhariri,

Msomaji aliyeandika katika safu hii kwamba Mungu wa Wayahudi ni wa ghadhabu tu ameacha mengi. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi) uliokamilika karibu mwaka 200, unaeleza jinsi mashahidi wa kesi ya mauaji walivyoonywa kabla ya kutoa ushahidi: Adamu aliumbwa peke yake ili ijulikane kwamba anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. (Waislamu watakumbuka Sura ya Al-Maida, aya ya 32, inayolitaja jambo hilo kuwa agizo kwa Wana wa Israili.) Onyo hilohilo linaongeza kwamba mtu hupiga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja zikafanana zote, lakini Mungu amewapiga watu wote kwa muhuri wa Adamu na hakuna anayefanana na mwenzake.

Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1204, alishikilia kwamba Mungu hana mwili, hivyo mfano wa Mungu ndani ya mtu ni akili, si sura. Mimi navutiwa zaidi na jinsi thamani hiyo ya mtu inavyoonekana katika sanda. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasimulia kwamba gharama za mazishi ziliwaelemea jamaa kuliko msiba wenyewe, hata wengine wakamwacha maiti wao na kukimbia, mpaka Rabani Gamalieli, mtu mwenye cheo, alipokubali yeye mwenyewe kuzikwa kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakamfuata.

Msomaji wenu,
Tanga