Nimepita kwenu Ilala

Swahiba,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima. Mama anakusalimu, mguu wake unaendelea vizuri na mdomo wake pia. Najua nimekaa kimya, nawe umekaa kimya, kwa hiyo hapo ngoma droo, tuyaache.

Ule ujumbe wako wa sauti kuhusu nyumba yenu ya urithi pale Ilala, ambayo kaka yako anataka ijengwe ghorofa kwa ubia na mwekezaji, niliusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kipande ulichosahau kuzima simu ukaanza kugombana na mtu wa umeme. Uliniomba nipite tu, nikuambie hali ilivyo bila kumung'unya maneno. Basi Jumamosi nilikwenda, tena kwa miguu, kuanzia Kivukoni. Usicheke. Mji huu ukipita ndani ya gari unauona mgongo wa gari la mbele, basi.

Posta Jumamosi mchana inapumua. Yule Askari wa shaba yupo palepale tangu 1927, bunduki kaielekeza bandarini, na magari yanamzunguka wala hayana habari naye. Nikashika Samora mpaka Mnara wa Saa, na njiani nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona nilipokuwa na magoti ya ujana: mjini hapa hakuna pa kukaa. Ngazi zina mlinzi. Vijiukuta vifupi wameviwekea vyuma vya ncha. Ukijibanza kivulini kidogo unaulizwa unamsubiri nani. Ukitaka kukaa, nunua soda, na soda ikiisha wanaanza kufuta meza.

Mnazi Mmoja ndipo nilipopata kushusha pumzi. Unakumbuka mwalimu wetu alivyotuambia Waingereza waliuacha ule uwanja wazi makusudi, ili watu wa Kariakoo watengwe na wa Uhindini na wa huko mbele baharini? Nimewakuta kuli, wanafunzi, na bwana mmoja wa tai kajifunika gazeti usoni, wote wamelala chini ya miti ileile. Walioupanga mji wangeona wangekasirika sana.

Kariakoo sikukaa. Kariakoo hukai, unabebwa. Guta linakusukuma huku, mkokoteni unakupigia mluzi kule, na winga mmoja alinidaka Msimbazi na viatu vyake vya ofisini, hataki kuniachia. Nikamwambia sinunui kitu, naenda Ilala kuangalia nyumba. Macho yakamwaka! "Mnauza, bosi?" Viatu vikasahauliwa palepale. Tangu hapo nikawa natembea nimeinua shingo. Zile nyumba za vyumba sita na bati jekundu zimebaki za kutafuta kwa tochi. Penye nyumba sasa ni ghorofa: chini fremu za maduka, juu fremu, na chini ya ardhi nako fremu. Nilipofika Mchikichi na Congo nilipita haraka. Tangu lile ghorofa lilipoporomoka Novemba 2024, pale moyo wangu haukai sawa.

Ukitaka kujua tulikotoka, lifikirie lile soko kubwa alilolichora Beda Amuli, la mwaka 1975, lililowaliza wengi lilipoungua Julai 2021. Paa lake lilikaa kama miavuli iliyopinduliwa, likikinga maji ya mvua. Aliyechora vile alimfikiria muuzaji aliye chini na jua lake na mvua yake. Hawa wa siku hizi wamefikiria kilemba cha kupatia fremu na kodi ya mwaka.

Haya, kwenu sasa. Bila kumung'unya: bati limeoza upande wa jikoni, korido ina giza mchana, mpapai wa uani umekatwa, na wapangaji wawili hawajalipa lakini wanamsalimia shangazi kwa heshima kubwa mno. Ukuta wa chumba cha marehemu babu umepasuka ufa wa kuingiza kidole. Kaka yako mkubwa hadanganyi anaposema nyumba imechoka.

Ila baraza, swahiba! Mstari wenu zimebaki nyumba mbili za zamani, yenu na ya Mama Zai, na Mama Zai kashaweka geti. Kwa hiyo mtaa mzima unakaa kwenu. Muuza kahawa ametua birika lake pale. Vijana wa bodaboda wapo. Mama mmoja, hata shangazi hamjui, alikuwa amekaa na mtoto anasubiri jua lipungue. Na kwenye saruji, ule upande tuliokuwa tunachorea magoli, kuna mtu kachora drafti kwa msumari. Mistari imeshakuwa na weusi wa vidole. Kete ni vizibo vya soda, wa huku vimelala chali, wa kule vimefunikwa. Nikafungwa na kijana mdogo kabisa, tena shabiki wa Yanga kama wewe, kwa hiyo kelele zake usiulize.

Shangazi alinionyesha ramani ya mwekezaji kwenye simu. Fremu zinaanzia ukingoni mwa barabara. Kaka anasema baraza ni nafasi iliyokufa, haiingizi kitu. Na shangazi kapangiwa ghorofa ya nne. Ya nne, kwa miguu ile! Lifti nimeitafuta kwenye ile ramani, nikaomba anikuzie picha, nikaitafuta tena.

Sisemi msijenge. Nyumba ikimwangukia mtu nitakuwa nimesema upuuzi. Lakini kati ya kuacha ioze na kupanga fremu mpaka kwenye mtaro si kuna... sijui, hilo ni lenu wenye mirathi. Mimi ningekuwa wewe ningeng'ang'ania mambo mawili tu: shangazi akae chini, na mbele pabaki upana wa baraza, hata kama ni fremu moja inapotea. Kaka atasema hesabu haikubali. Mwambie alete hiyo hesabu tuione.

Sasa nijibu. Msimamizi wa mirathi ni kaka peke yake, au na wewe uliandikwa mahakamani? Hati iko kwa nani? Huo ubia umeusoma mwenyewe, au umesomewa kwa simu? Dada yenu wa Tanga anasemaje, au hajaambiwa? Wakati wa kujenga shangazi atakaa wapi, na nani atamlipia? Na wewe unakuja lini, maana Mwanza si mwezini?

Jibu kabla ya Ijumaa tafadhali. Kaka kaniomba niwe shahidi siku ya kusaini, nami nimemwambia nina safari. Sina safari yoyote, na ananiona msikitini kila siku.

Wako,
Jirani wa upande wa kisima