Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chhath ya 2024 Ukingoni mwa Mto Ganga, Patna, India

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Mimi nazungumzia Chhath, sikukuu yetu ya Kihindu ya kuliabudu Jua kwa kufunga na kutoa sadaka mtoni, iliyofanyika tarehe 5 hadi 8 Novemba.

Siku ya kwanza, baada ya watu kuoga mtoni na kula wali, dengu na mumunye, usiku ikatufikia habari kwamba Sharda Sinha, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Chhath, amefariki. Nyimbo zake ndizo zilizokuwa zikisikika ghati zima, yaani ngazi zote za kushukia mtoni. Tulizima vipaza sauti. Kinamama wakaziimba wenyewe, wengine wakilia.

Kesho yake jioni wafungaji walikula wali wa maziwa na sukari guru, kisha wakaingia kwenye saa 36 bila chakula wala tone la maji. Mtu wa hali hiyo akiteleza topeni hainuki kirahisi. Ndiyo sababu nguvu zetu nyingi ziliishia kwenye uzio wa mianzi mtoni na magunia ya mchanga ngazini. Mkanyagano wa 2012, uliowaua wenzetu mjini humu jioni ya kuliaga jua, hatujausahau. Hata hivyo, alfajiri ya mwisho taa za upande wa juu zilizimika nasi hatukuwa na jenereta ya akiba. Kosa ni la kamati. Nawaomba radhi kinamama walioshuka gizani na nyungo zao zimejaa thekua (vitafunio vya unga wa ngano na sukari guru), nazi na ndizi.

Nyungo hizo tulizinunua moja kwa moja kwa wasusi wa Kidom, watu wa tabaka la Dom waliotengwa vizazi na vizazi, ilhali sadaka ya Jua haitolewi bila kazi ya mikono yao. Wapo waliopendekeza ngazi za mbele zitengewe familia za wanakamati. Tulikataa, na tutakataa tena. Ibada hii haihitaji hata kuhani; atatuwekea nani safu majini?

Mwanachama wetu mmoja wa siku nyingi, miguu ikiwa imemchoka, alimkabidhi mkwewe funga yake. Alikaa ngazini akimwelekeza: inua ungo, geuka polepole, jua linatoka.

Mwaka 2025 Chhath inaanza tarehe 25 Oktoba, mapema kuliko safari hii, na huenda mto ukawa bado umejaa. Mianzi inunuliwe mapema. Michango ifike kabla ya Agosti kwisha, na jenereta ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

Mwenyekiti