Plastiki ikiyeyuka bado ina kumbukumbu, mafundi tufundishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalotutia hasara mafundi wa kurejeleza plastiki hapa Dodoma. Anayejifunza hii kazi anaambiwa subiri iyeyuke afu mimina, basi, hakuna anayemwambia ikishayeyuka ikae kwenye nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi, wakati hapo ndo penye kazi yenyewe.

Sisi wa kanda ya kati asali tunaijua. Ile ya Itigi au Manyoni ikiganda kwenye chupa unaipasha mpaka inakuwa majimaji, unaona safi kabisa, ila kama uliitoa motoni haraka inaanza kuganda tena mapema sana, kwasababu kuna vijichembe vya fuwele, yaani vile vipunje vigumu vya asali iliyoganda, vimebaki humo ambavyo huvioni na vyenyewe ndo vinakuwa mbegu.

Plastiki nayo hivyohivyo. Polipropilini, ile ya viti na ndoo nyingi, inayeyuka kwenye nyuzi kama 165 za Selsiasi, sasa ukiipitisha hapo kidogo tu ukaitoa, kwa macho ni uji mtupu lakini ndani kuna vipande vidogo mno vya fuwele bado havijaisha. Ikipoa haianzi upya, inaanzia kwenye hizo mbegu, na hiyo ndo kumbukumbu ninayoisema, kwahiyo badala ya kuganda kwenye 110 na kitu inaweza kuanza kwenye 130 na zaidi, fuwele zinakuwa nyingi na ndogondogo, na wewe moldi, yaani kalibu ya kumiminia, hujamaliza kuijaza uji umeshashika. Kesho yake umeweka moto mkali, moldi inajaa vizuri ila inachelewa kushika, ukifungua kwa muda uleule wa jana kitu kinajikunja. Nimetupa vigae vingi sana hivyo, nikilaumu mashine, nikilaumu umeme, na mzigo ulikuwa uleule wa gunia moja!

Maabara wakitaka kuifuta hiyo kumbukumbu wanapandisha mpaka 200 na zaidi wanaiacha dakika kadhaa. Usizidishe sana lakini, plastiki iliyokwishatumika ikikaa kwenye moto mrefu inachakaa na bidhaa inakuwa ya kuvunjikavunjika.

Afu kuna rangi. Vifuniko vya bluu na kijani vingi vinatiwa rangi ya jamii ya fthalosianini, na hiyo rangi yenyewe ni mbegu, plastiki inashika mapema na kujikunja, na hakuna moto wa kuifuta. Ndo maana mimi saivi natenganisha rangi kabla ya kusaga, hata kama inakula siku nzima.

Hizi mbegu si adui, ukizijua unaweza hata kuziacha makusudi ili kitu kishike haraka utoe vingi kwa siku. Shida ni kwamba leo zipo kesho hazipo na fundi hajui kwanini. Kwahiyo wanaotoa mafunzo ya urejelezaji nawaomba sana, mtu apewe kipimajoto na saa kabla hajaonyeshwa moldi, na aandike kwenye daftari kila mzigo ulifika nyuzi ngapi na ulikaa dakika ngapi.

Fundi plastiki,
Kizota, Dodoma