Naombea ufunguo, mtoto akiugua nakosa neno

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jambo hili nimeshindwa kumwambia hata mzee wetu wa kanisa, nahisi atanicheka.

Tangu niokoke nimezoea kumwomba Mungu vitu vidogo. Ufunguo ukipotea naomba. Mteja wa Congo akichelewesha hela naomba. Zaidi ya yote naombea mvua. Anayefanya biashara hii anajua: dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, wanatoa harufu, unaishia kuwauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Na mbalamwezi ikiwaka sana uvuvi wa taa unasimama, kwa hiyo hasara hiyo hufidii upesi. Mara ngapi nimeona wingu jeusi linatokea ziwani, nikasimama katikati ya dagaa wangu nikaomba, likapita! Wengine wataita bahati. Mimi niliita kutunzwa.

Shida ni mwanangu wa pili. Ana miaka 9, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama mkwe alisema ugonjwa umetoka kwetu, mpaka daktari alipomweleza kwamba mtoto ameurithi kwa baba na kwa mama, na kwamba kila mimba yetu ilikuwa na nafasi moja kati ya nne. (Hilo limekwisha. Siku hizi bibi ndiye anayemkimbiza na kikombe cha maji.) Dawa anameza kila siku, hatujaacha na hatutaacha, kwa hiyo tafadhali usinijibu upande huo. Lakini baridi ikimpiga, miguu inamuuma mpaka anang'ata shuka.

Mwezi uliopita niliomba mvua isinyeshe. Haikunyesha, nikauza vizuri. Usiku uleule upepo wa ziwani ukavuma, alfajiri tukawa wodini, akaongezewa damu. Nilikaa kando ya kitanda nikashindwa kuomba. Neno halikuja kabisa. Mimi ninayeombea ufunguo!

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwetu mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya hisa zake, na mwenye vimikopo vingi hapewi mkubwa mpaka arejeshe. Pale wodini nilijikuta namhesabia Mungu hivyohivyo: nimekopa mno kwa mambo ya kijinga, sasa limekuja lenyewe na sina hisa. Najua ni mawazo ya mtu wa daftari. Nimesoma habari ya kijana aliyeangusha mtoni shoka la kuazima, na Elisha hakumwambia asimsumbue kwa shoka, alilifanya lielee. Elisha huyohuyo ndiye aliyeendewa na mama Mshunami, mwanawe amelala maiti nyumbani, naye akiulizwa hali ya mtoto anajibu hawajambo. Mimi pia sokoni wakiniuliza mtoto hajambo, najibu hajambo. Ila yule mama alikuwa njiani kwenda kwa nabii. Mimi nageuka kupima dagaa.

Dada mmoja wa kikundi cha maombi ananiambia nishukuru tu. Nashukuru, lakini ni mdomo unaoshukuru.

Naomba unisaidie. Niache kuombea mvua, nisije nikamchosha Mungu? Na kwa mtoto niombe nini hasa, juu ya ugonjwa anaoamka nao na kulala nao? Kuomba upone naogopa, kuomba apunguziwe maumivu tu naona kama nimekata tamaa.

Nikijua hilo nitajua pia la kumwambia mwenyewe. Tuliporudi nyumbani aliniuliza, "Mama, mvua uliiombea ikapita. Mimi je?" Nikamwambia anywe maji. Kliniki yake ni mwisho wa mwezi huu, tutakaa kwenye foleni asubuhi nzima, na ninavyomjua ataniuliza tena.

Muuza dagaa, Mwanza