Kwako mdogo wangu, uliyenifanya mhusika

Mdogo wangu,

Salamu zangu najua unazipata kwa shangazi, maana siku hizi ndiye posta yetu. Wanao nasikia hawajambo. Huku Tanga klabu yetu ya waandishi bado ipo, Jumamosi baada ya alasiri, baraza ileile, kahawa ileile chungu.

Juzi walikuja vijana wa sekondari, nikawapa zoezi la tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti: kila mshororo mizani 16, yaani silabi, ukwapi, nusu ya kwanza, 8, na utao, nusu ya pili, 8. Mmoja akaniuliza kwa nini ahesabu vidole ilhali moyo umemjaa. Nikamwambia Shaaban Robert, mtoto wa hapahapa Vibambani, alihesabu na moyo wake haukupungua kitu. Ungekuwepo ungenirukia na Kezilahabi wako na mashairi huru, tungebishana mpaka Magharibi. Ugomvi huo nauweza. Ule mwingine ndio umenishinda.

Sheria niliiweka mwenyewe: mwandishi akishasoma anyamaze, na sisi tumjadili mhusika, tusimguse mtu. Basi ukasoma hadithi yako. Dada mkubwa yuko chumbani anahesabu noti za rambirambi, analamba kidole, na ng'ambo ya ukuta mama yake anaoshwa. Jina ulimbadilisha. Mwanya wangu ukamwachia. Baraza zima likanitazama meno, nikafunga mdomo. Kisha yule mwalimu wetu mstaafu, kwa upole wake, akasema mhusika huyu ni bapa, hana ndani. Wenzake wakaitikia. Wewe ukainama, ukaandika kitu pembeni ya karatasi. Uliandika nini?

Umeandika vizuri, silikatai hilo. Ule moshi wa ubani unaopenya chini ya mlango mpaka kwenye noti, pale barazani hakuna aliyewahi kuandika kitu kama hicho, mimi nikiwemo. Na nani alikufundisha kusoma, kwenye magazeti ya kufungia maandazi? Nina haki ya kujivuna kidogo.

Sasa nasikia hadithi umeirefusha iwe riwaya, uipeleke kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile ya Taasisi ya Elimu. Ipeleke. Ila kabla hujaipeleka nisikilize kama mwenzako wa klabu: mhusika bapa hutibiwa kwa kupewa sababu. Mpe yule dada daftari mkononi. Andika kwamba mwosha ameshaingia na sanda bado iko dukani. Pamba hakuna, kafuri hakuna. Mwenye turubai kasimama mlangoni anataka chake, na mchele wa watu waliotoka Pangani na Muheza umepimwa kwa mkopo, kwa jina la nani? Andika pia kwamba mdogo mtu alikuwa mapajani kwa shangazi akipepewa kwa upande wa kanga, na hakuna aliyemuuliza bei ya kitu chochote. Sikulaumu kwa kulia. Ulikuwa mdogo, na Mama alikudekeza, sote tulikudekeza. Lakini uliweza kulia vile kwa sababu kulikuwa na mtu anayehesabu.

Mimi nililia baadaye, wageni walipokwisha kuondoka, jikoni, nikisugua masufuria ya watu ili yarudi kwao yakiwa safi. Hukuniona kwa kuwa ulikuwa umelala. Na kidole sikulamba. Mama mwenyewe alitukataza kulamba kidole tukihesabu hela, na wewe ulipigwa kofi kwa hilo, umesahau?

Nafasi yako kwenye jamvi hajakaa mtu. Ukija, njoo na nakala za kutosha, tumeongezeka.

Na mjomba umempaka mafuta kupita kiasi. Umempa tasbihi, umempa machozi. Alivyoingia kile chumba na alichokuja kudai kabla hata kaburi halijachimbwa, ulikisikia, mlango ulikuwa wazi. Yeye Jumamosi haji. Ungeweza kumwandika kama alivyo.