Kliniki ya sukari iangalie na mdomo

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nakuandikia nikiwa Usa River huku Arumeru, na nina ombi moja tu, mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki aangaliwe mdomoni kama anavyoangaliwa miguu. Presha wanapima, uzito wanapima, miguu anaambiwa avue viatu waangalie kidonda, macho anaulizwa kama yanaona ukungu, ila sijawahi kusikia mtu akiambiwa mama hebu fungua mdomo tuone fizi zako, na mimi nimempeleka mama yangu kliniki miaka mingi.

Mama ana miaka 61, sukari waliigundua 2016. Muda wote alikuwa anakwenda vizuri, ila mwaka jana ikagoma kushuka kabisa. Dawa anameza, vidonge nahesabu mimi mwenyewe kila Jumapili, soda aliacha zamani, ila kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikawa kinarudi asilimia 9.8, mara 9.6, mara 9.8 tena, na kila akienda swali ni lile lile, mama unakula nini huko nyumbani. Anarudi amenyong'onyea kwa sababu anaonekana muongo mbele ya watu. Metformini, dawa ya sukari, ikaongezwa, tukaanza kutajiwa sindano za insulini, akawa halali usiku kwa mawazo.

Sasa asubuhi moja nimeenda bombani nikakuta amemaliza kupiga mswaki, povu lote alilotema ni jekundu. Nikamuuliza mama hii nini, akanijibu mbona kawaida mwanangu, hii ya miaka, nasukutua na maji ya chumvi na karafuu inatulia. Hapo ndo akili ikanijia kwamba meno mawili ya gego aling'oa ndani ya mwaka mmoja na hayakuwa yameoza, yalikuwa yanacheza tu mpaka yakachoka, na sisi tukasema ni uzee.

Tukaenda chumba cha meno cha hospitali ile ile anayochukulia dawa, ni hatua kama hamsini kutoka kwenye benchi analokaa kusubiri foleni ya sukari. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia ageuke avuke korido. Daktari akapitisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama pembeni ya jino, kinapima ufizi umeachia kiasi gani, akanieleza ufizi mzima kile kijiti kinaingia milimita 1 mpaka 3, kwa mama sehemu nyingine kiliingia 7, na alipobonyeza kidogo usaha ukatoka. Nilisimama pale nikajisikia vibaya sana kwa sababu naishi naye nyumba moja.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Ule utando laini unaobaki kwenye jino, ukoga, usipotolewa kila siku unaanza kuganda unakuwa mgumu kama jiwe, mswaki haufui tena dafu hapo, na wadudu wake wanashuka chini ya ufizi wanatengeneza kama mfuko. Fizi zinavimba, zinatoka damu, taratibu mfupa unaoshikilia jino unalika. Na haiumi, ndo ubaya wake, jino lililotoboka litakuamsha usiku wa manane ila fizi zinaweza kuoza miaka kumi usihisi chochote zaidi ya harufu na damu kidogo. Sasa fikiria mtu ambaye fizi zimevimba kuzunguka meno yote, wataalamu wanasema ukiunganisha hiyo sehemu yote iliyo na kidonda inaweza kukaribia ukubwa wa kiganja. Mtu akiwa na kidonda cha kiganja mguuni nani angemwacha arudi nyumbani bila kufungwa bandeji?

Na mwili unapopigana na hicho kidonda usiku na mchana unamwaga kemikali kwenye damu ambazo zinaifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake vizuri, kwahiyo sukari inapanda. Sukari ikipanda, kinga inalegea, kidonda hakiponi, mate yanapungua mdomo unakauka, wadudu wanashamiri, fizi zinazidi kuoza. Ni duara, moja linamsukuma mwenzake. Mwenye kisukari ana hatari kama mara 3 ya kupata ugonjwa huu wa fizi kuliko asiye nacho. Na kuna habari njema upande wa pili, mwaka 2022 Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, walitoa matokeo kwamba mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, ile sukari ya miezi mitatu inashuka kwa wastani wa kama 0.4 baada ya miezi 3 hadi 4. Inaonekana ndogo ila muulize mgonjwa aliyehangaika mwaka mzima kushusha 0.2.

Kuna njia nyingine fizi zinavyopandisha sukari ambayo sikuwaza kabisa mpaka daktari alipomuuliza mama anakula nini siku hizi. Mama ni Mmeru, chakula chake ni loshoro na makande, mboga za majani, nyama akipata. Magego yalipoanza kucheza punje za mahindi zikawa zinamuumiza, nyama hatafuni, akahamia kwenye uji, mkate wa kuchovya kwenye chai, ndizi laini, viazi vya kuponda. Yaani vile vile vinavyopandisha sukari haraka. Kwahiyo lile swali la unakula nini jibu lake lilikuwepo mdomoni, ila aliyekuwa anauliza hakuangalia huko.

Naomba niseme na hili ambalo linatuhusu sana huku kwetu na ndo naona chanzo cha yote. Mama alizaliwa Maji ya Chai, na mtu wa huko akicheka tu unajua katokea wapi, meno ya kahawia. Ni floraidi, maji ya mito na chemchemi zinazoshuka mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na magadi tunayolainishia makande nayo yanaongeza. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi kiwango chetu kilikuwa 4 kwa sababu kuna sehemu maji mengine hayakuwepo. Jino linapakwa hiyo rangi likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi mtoto akiwa mdogo, likishatoka hata usugue namna gani haitoki, sio uchafu. Ila watu hawajui. Mama anasimulia shuleni waliitwa wachafu, akaenda kusoma mkoa mwingine wakamcheka zaidi, msichana wa miaka kumi na tano anasugua meno kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zinachubuka, akajifunza kuziba mdomo kwa mkono akicheka na mpaka leo anaziba. Mtu wa hivyo unategemea aende mwenyewe kwa daktari wa meno akafungue mdomo? Haendi. Anaona akifungua tu ataambiwa hupigi mswaki. Hajawahi kwenda isipokuwa kung'oa.

Ndo maana nasema tusisubiri mgonjwa alalamike, aulizwe. Wako wengi wanaoziba midomo yao kwa mkono Arumeru nzima, Hai, Siha, mpaka huko Singida kwenye maji ya namna hii, na wengine kati yao wana sukari na presha. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi yao naiheshimu kwa sababu inawaokoa watoto wanaozaliwa leo, ila waliokunywa maji yale miaka ya sitini na sabini ndo wazee wetu sasa na wanahitaji mtu wa kuwaambia rangi ya meno yako sio kosa lako, ila damu kwenye fizi inatibika.

Na sidhani ninachoomba ni kikubwa. Sio mashine, sio jengo. Nesi anayepima presha aongeze maswali mawili, ukipiga mswaki fizi zinatoka damu? kuna jino linacheza? Akijibu ndiyo, amulike na tochi hata ya simu, aandike kwenye kadi, amwelekeze chumba cha meno siku hiyo hiyo akiwa bado hajarudi nyumbani, maana ukimwambia aje siku nyingine nauli ya bodaboda inamshinda. Na pale chumba cha meno pasiwe mahali pa koleo tu. Sisi wengi tunajua kung'oa, jino likisumbua toa, na hospitali nyingi za chini huduma inayopatikana kirahisi ni hiyo, wakati kusafisha ukoga uliogandia chini ya ufizi ndo kunaokoa jino na kunamsaidia mwenye sukari. Wenye bima nao waulize kabisa kusafisha kumo au hakumo, sisi tulilipa mfukoni, hela ya kikoba.

Wajawazito nao vilevile. Homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe na kutoka damu haraka, akina mama wengi wanadhani mtoto ndo anawala meno wanavumilia mpaka wajifungue, wakati kutibiwa fizi ukiwa mjamzito inaruhusiwa. Na yule mwenye valvu mbovu za moyo, ambao huku kwetu wengi wanatokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, wadudu wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa kwenye valvu, kwahiyo amwambie daktari wa meno habari ya moyo wake kabla hajaguswa. Na uvimbe wa jino la chini ukishuka chini ya kidevu, shingo ikajaa, ulimi ukainuka, kumeza shida, huyo akimbizwe hospitali usiku huo huo, hewa inaweza kuziba akafa kwa jino, na nawajua waliozika mtu hivyo.

Nyumbani tumebadilisha mambo machache. Mswaki laini, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, nywele za mswaki zielekezwe pale ufizi unapokutana na jino na sio kusugua kama sufuria. Kosa la mama lilikuwa akiona damu sehemu fulani anaikwepa isiumie, kumbe ndo inapotakiwa kusafishwa, taratibu. Chumvi na karafuu anaendelea navyo, vinamtuliza, ila ameelewa haviondoi ukoga. Wanangu wadogo nawawekea dawa ya meno kidogo sana na nawasimamia wateme, kwa maji yetu haya nilimuuliza daktari kwanza na nawashauri wenzangu wa huku mfanye hivyo.

Mama amesafishwa mara mbili, upande wa kulia kisha wa kushoto, kwa ganzi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 9.1. Sisemi ni fizi peke yake, chakula nacho tulibadilisha kwa sababu sasa anatafuna, ila kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alirudi kutoka kliniki ananisimulia habari za watu aliowakuta kwenye foleni badala ya kukaa kimya. Akaniambia aliwauliza wenzake wa benchi lile, wanawake sita, kama fizi zao zinatoka damu. Wanne wakasema ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka korido.

Wako msomaji,
Usa River, Arusha